Siku Tatu Kati ya Hiroshima na Nagasaki

Kila ifikapo Agosti mjadala huu hufufuka, na karibu kila mara huanza na swali lile lile: je, Marekani ilikuwa na haki ya kutumia bomu la atomiki ili kuvimaliza vita vyake na Japani? Hapo hapo watu hugawanyika. Kuna wanaosema bomu liliokoa mamilioni, na kuna wanaosema ule ulikuwa uhalifu, hakuna cha kujadili. Kwangu mimi swali lenyewe limefunga pamoja mambo mawili yasiyolingana. Mabomu yalikuwa mawili, juu ya miji miwili, na kati yake zilipita siku tatu. Hoja zinazoweza kulitetea lile la tarehe 6 Agosti 1945 hazitoshi kulitetea lile la tarehe 9.

Tuanze na watetezi, kwa sababu hoja yao mara nyingi hupingwa na watu ambao hawajaisikiliza hadi mwisho. Kuanzia Aprili hadi Juni 1945 Wamarekani walipigania kisiwa kimoja tu, Okinawa. Walipoteza askari wapatao 12,000, Wajapani wakapoteza karibu 100,000, na raia wa kisiwa hicho waliokufa wanakadiriwa kufikia idadi kama hiyo. Baada ya Okinawa ulipangwa uvamizi wa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, tarehe 1 Novemba. Huko serikali ya Japani ilikuwa tayari imeandikisha raia, wanawake wakiwemo, na kuwafundisha kupigana kwa mikuki ya mianzi. Aliyeiona Okinawa hakuhitaji kuambiwa Kyushu ingekuwaje.

Lakini hoja yao nzito zaidi haihusu askari wa Kimarekani hata kidogo. Inahusu Waasia waliokuwa chini ya Japani: Wachina, Waindonesia waliokamatwa kwa kazi za shokoa, Wavietnamu waliokuwa wametoka kwenye njaa kuu iliyoua mamia kwa maelfu. Kwa watu hao kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa na makaburi yake. Vijana wa kwetu nao walikuwa wamelipia vita hivyo. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana Burma mwaka 1944, kwenye matope na malaria ya bonde la Kabaw, na ndugu zao nyumbani walikuwa wakiomba vita viishe, kwa njia yoyote. Anayesema "wangesubiri tu Japani ichoke" anapaswa kueleza wangesubiri kwa gharama ya nani. Na asisahau kwamba kusubiri kwenyewe kulimaanisha kuendelea kuizingira Japani kwa njaa na kuichoma miji yake kwa mabomu ya moto. Usiku mmoja wa Machi 1945 Tokyo ilipoteza watu wapatao 100,000 bila atomu hata moja kupasuliwa.

Hoja yao dhaifu ni ile inayosemwa sana, ya "milioni moja", yaani kwamba uvamizi ungewaua au kuwajeruhi Wamarekani zaidi ya milioni moja. Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita, aliiandika mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha na lawama zimeanza. Rais Truman wa Marekani alipokutana na wakuu wa majeshi Juni 1945, makadirio waliyoyajadili yalikuwa ya chini zaidi.

Wapinzani wana ushahidi wa aina nyingine. Tume ya Marekani yenyewe iliyochunguza matokeo ya mabomu ya angani iliandika mwaka 1946 kwamba Japani ingesalimu amri kabla ya mwaka 1945 kwisha, hata bila bomu la atomiki, bila Wasovieti kuingia vitani na bila uvamizi. Marekani pia ilikuwa ikizisoma telegramu za siri kati ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Togo Shigenori, na balozi wake Moscow, Sato Naotake. Ilijua kwamba Togo anamtafuta msuluhishi, na kwamba kikwazo anachokitaja ni sharti la kujisalimisha bila masharti. Kilichoogopwa zaidi Tokyo ni hatima ya Mfalme Hirohito. Rasimu ya Tamko la Potsdam, ambalo Marekani na washirika wake waliitaka Japani isalimu amri, ilikuwa na kifungu cha kuruhusu ukoo wake ubaki kwenye kiti cha ufalme. Kikafutwa kabla ya Tamko kutolewa tarehe 26 Julai. Kisha, baada ya mabomu yote mawili, Marekani ikakubali abaki, chini ya mamlaka ya kamanda mkuu wa Washirika. Hili linaniuma. Lililonyimwa Julai lilitolewa Agosti.

Hata hivyo sikubali kwamba Japani ilikuwa mlangoni ikibisha hodi na karatasi ya amani mkononi. Sato mwenyewe alimwandikia waziri wake tena na tena akimtaka aseme wazi Japani inakubali nini, na hakupata jibu la maana. Jeshi lilikuwa na turufu ya kuukataa uamuzi wowote. Kwa hiyo naweza kumwelewa mtu anayesema kwamba mwanzoni mwa Agosti hakuonekana mlango mwingine. Namwelewa, ingawa nashindwa kupita juu ya jambo moja: Truman aliandika katika shajara yake tarehe 25 Julai kwamba shabaha itakuwa ya kijeshi, si wanawake na watoto. Hiroshima ilikuwa na makao makuu ya jeshi, ni kweli, lakini alama waliyoilenga marubani ilikuwa daraja la Aioi, katikati ya mji. Kufikia mwisho wa mwaka huo waliokufa walikadiriwa kuwa 140,000. Sehemu kubwa ya urani, madini ya mradi wa bomu, ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako Wakongo waliichagua na kuipakia kwa mikono bila kuambiwa inakwenda kufanya nini.

Sasa zitazame zile siku tatu. Hiroshima ililipuliwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi. Mawasiliano na Tokyo yalikatika, na serikali haikujua mara moja kilichotokea. Ikamtuma mwanafizikia Nishina Yoshio, aliyefika tarehe 8 na kuthibitisha kwamba ni bomu la atomiki kweli. Siku hiyo hiyo Togo alikwenda kwa Mfalme, naye akamwambia vita viishe upesi. Baraza Kuu la Vita lilitakiwa kukutana mara moja, lakini mjumbe mmoja hakupatikana, kikao kikasogezwa hadi Alhamisi asubuhi. Usiku wa manane Wasovieti wakaivamia Manchuria, na tumaini la usuluhishi wa Moscow likafa.

Alhamisi hiyo wajumbe sita walikaa. Watatu walitaka kukubali Potsdam kwa sharti moja, Mfalme abaki. Watatu walitaka masharti manne. Habari za Nagasaki ziliwafikia wakiwa bado kikaoni. Hakuna aliyebadilisha msimamo. Walibaki watatu kwa watatu hadi Hirohito alipoingilia kati usiku. Watetezi husema bomu la pili lilimjibu Admirali Toyoda, mkuu wa wanamaji na mmoja wa wale wa masharti manne, aliyeamini kwamba Marekani haina mabomu mengi. Sawa, lakini Toyoda mwenyewe hakuhama upande wake.

Na tarehe ile ilitoka wapi? Bomu la pili lilipangwa kudondoshwa tarehe 11. Wataalamu wa hali ya hewa wakatabiri kuchafuka kwa anga, likaletwa mbele hadi tarehe 9. Agizo la tarehe 25 Julai lilikuwa limeruhusu mabomu yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari, hivyo hakuna mtu Washington aliyelazimika kujiuliza kama Tokyo imepata nafasi ya kujibu. Ndege ililenga Kokura kwanza. Ikazunguka mara tatu, shabaha haionekani kwa ukungu na moshi, mafuta yakipungua. Ikageukia Nagasaki. Saa tano na dakika mbili bomu likapasuka mbali na shabaha iliyokusudiwa, juu ya bonde la Urakami, penye kanisa kuu na waumini wa Kikatoliki wengi kuliko popote Japani. Hao hawakufa kwa sababu ya hesabu yoyote ya kufupisha vita. Walikufa kwa sababu ya mawingu na ratiba.

Kuna atakayesema ni rahisi kuhukumu leo. Lakini Truman mwenyewe hakungoja hata kesho kutwa. Tarehe 10 Agosti aliwaambia mawaziri wake kwamba wazo la kuua watu wengine 100,000 linatisha mno, akasimamisha mabomu ya atomiki. Siku hiyo Jenerali Groves, msimamizi wa mradi wa bomu, aliarifu kwamba bomu la tatu lingekuwa tayari kwa matumizi baada ya wiki moja hivi. Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, akaandika kwa mkono wake juu ya waraka ule kwamba lisitumike dhidi ya Japani bila idhini ya wazi ya Rais. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa tarehe 7.