Attlee: Jina la Msitu au la Malisho?

Clement Attlee, Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1945 hadi 1951, alikuwa na jina la ukoo linaloeleza makazi. "Atte lee" katika Kiingereza cha zama za kati ni "kwenye lee". Akina Lee, Lea na Leigh wana neno hilohilo bila "atte". Ubishi ni kuhusu lee yenyewe: je, ni msitu, au ni mahali palipofyekwa?

Wanaosema msitu wana hoja nzito. Neno la kale, "leah", ni ndugu wa "lucus" la Kilatini, kichaka kitakatifu, na wa "loo" iliyo katika jina la Waterloo kule Ubelgiji. Jina la kijiji cha Oakley nalo ni leah ya mialoni. Wenzao wanajibu kwa Wheatley, leah ya ngano, na ngano haistawi kivulini.

Anayejua kazi ya kufyeka pori hashangai neno moja likibeba yote mawili. Serikali ya Attlee huyohuyo ndiyo iliyoanzisha mradi wa karanga wa Tanganyika, na pale Kongwa mizizi ilivunja mashine hadi mradi ukaachwa mwaka 1951. Uwazi msituni hupatikana kwa jasho, na ukiachwa miaka michache tu pori hurudi.

Hata hivyo, kwa jina la ukoo naegemea upande wa malisho. Vijiji vingi ambavyo majina yao huishia na -ley, yaani leah hiyohiyo, vilikwisha kuandikwa katika Domesday, daftari la ardhi ya Uingereza la 1086, lakini Waingereza wengi walianza kurithishana majina ya ukoo karne kadhaa baadaye. Kufikia hapo lee midomoni mwa watu ilikuwa ardhi wazi yenye majani. Asili ya neno ni jambo moja. Alichomaanisha jirani aliyempa mtu jina hilo ni jambo jingine, na mimi namsikiliza jirani.

Jina la Lee bila "atte" ni gumu zaidi, kwa sababu kuna vijiji vingi viitwavyo Lee na Leigh. Ndani ya Leigh, kumwita mtu "wa Leigh" hakumtofautishi na yeyote. Jina hilo humfaa aliyehama. Kwa hiyo ukoo mmoja wa Lee unaweza kutokana na aliyebaki kando ya malisho, na mwingine na aliyeondoka kijijini, bila undugu wowote kati yao.