Ukinunua gobore la kwanza, anza kwa kulifungua

Shemeji yangu amepata leseni yake ya kuwinda hapa Pennsylvania na sasa anataka gobore la kuwindia kulungu. Alinitumia picha sita kwenye WhatsApp, bunduki zote za kupendeza, pamoja na swali moja: "Shem, ipi inapiga mbali zaidi?" Tulizungumza kwenye simu karibu saa nzima. Najua wapo wenzetu wengine huku wanaojiuliza hilohilo, kwa hiyo naandika nilichomwambia.

Umbali uulize mwisho. Kwanza jiulize hivi: usiku ukirudi kutoka porini, umechoka na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, utaweza kuifungua hiyo bunduki na kuisafisha mezani jikoni bila kuhangaika na spana? Kama huwezi, iache hukohuko dukani.

Nasema hivyo kwa sababu baruti ya gobore inakula chuma. Baruti nyeusi, na hata Pyrodex ambayo wengi tunaitumia badala yake, ikiungua huacha masizi yenye chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani. Mtutu mchafu ukilala siku mbili tatu, kutu inaanza. Ikishatafuna ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, shabaha imekwenda.

Gobore langu la kwanza niliuziwa na mtu. Lilikuwa la mtindo wa zamani, la fataki (kikofia kidogo kinachogongwa ili kiwashe baruti), mtambo uko ubavuni, mbao zake zinang'aa. Kizibo cha nyuma ya mtutu kilikuwa hakifunguki kwa mkono. Kulisafisha ilibidi nichomoe mtutu, nichovye nyuma yake kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, kisha nisukume kitambaa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, juu na chini, maji yapande na kushuka kama kwenye pampu. Nusu saa, kila mara. Msimu wa kwanza nilivumilia. Msimu wa pili nilirudi Jumamosi jioni, nikaingia zamu ya usiku kazini, nikaligusa tena Jumanne. Kitambaa cheupe kilitoka na rangi ya tofali.

Baada ya hapo nikaiogopa kutu, nikawa namimina mafuta bila kipimo. Asubuhi moja ya Oktoba, jike la kulungu likasimama yadi 40 mbele yangu, ubavu wote wazi. Nikavuta. Tak! Fataki ililia, baruti haikuwaka, maana mafuta yalikuwa yameziba njia ya moto na kuilowesha. Nikabaki nimeelekeza mtutu kwenye kilima dakika nzima, kwa sababu baruti iliyochelewa inaweza kulipuka wakati wewe umeshaamini imekufa. Yule kulungu alitazama, akainua mkia wake mweupe, akaondoka. (Namwita kulungu kwa kukosa jina jingine. Wa kwetu ana pembe za kudumu. Huyu wa huku huziangusha kila mwaka na kuota nyingine.)

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni gobore la kisasa, lile ambalo fataki yake inakaa nyuma kabisa, katika mstari mmoja na mtutu. Aliyelieneza ni Tony Knight wa Missouri, alipotoa gobore lake la MK-85 mwaka 1985. Moto unakwenda moja kwa moja kwenye baruti, na fataki ni ileile namba 209 inayotumika kwenye risasi za shotigani, yenye nguvu kuliko vile vikofia vidogo vya zamani. Chagua la kuvunjika katikati kama shotigani, na kizibo kiwe cha kufunguka kwa vidole. CVA Wolf na Traditions Buckstalker ni mifano miwili isiyo ya bei kubwa. Dukani omba ukifungue kizibo mwenyewe, utazame mwanga hadi upande wa pili. Muuzaji akikukatalia, nenda duka jingine.

Kipenyo kiwe .50, yaani nusu inchi, usijisumbue na kingine. Risasi zake zinapatikana kila mahali. Mifereji inayozunguka mara moja kila inchi 28 inafaa kwa risasi ndefu za kisasa zilizovaa kikombe cha plastiki; ile ya polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 60 na zaidi, ni ya goroli ya risasi iliyofungwa kitambaa. Baruti greni 100 zinamtosha kulungu kabisa, yaani vidonge viwili vya 50. Matangazo yatakushawishi uweke vitatu. Utaongeza teke la begani, moshi na uchafu, na wewe bado ni mtu wa kupiga yadi 100. Ukitumia baruti ya unga badala ya vidonge, greni hizo hupimwa kwa kikombe cha ujazo, si kwa mizani. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kamwe kwenye gobore ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Mtutu utapasuka usoni pako.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, soma sheria ya jimbo lako. Msimu wetu wa Oktoba, wa kulungu wasio na pembe, unaruhusu gobore la kisasa na darubini. Msimu wa baada ya Krismasi, ulioanza mwaka 1974, ni wa gumegume peke yake: jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti, na unalenga kwa macho bila darubini. Colorado, katika msimu wao wa magobore, wanakataa darubini, vidonge vya baruti na vile vikombe vya plastiki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kwa kawaida huyahesabu magobore kama silaha za kale, ndiyo maana mengi huuzwa bila ukaguzi wa kumbukumbu za mnunuzi, lakini majimbo yana masharti yao. Kama mambo yako ya uhamiaji hayajakaa sawa, muulize wakili kwanza. Usimsikilize muuzaji.

Huwa nafurahi kwamba lugha yetu haihitaji kuazima kitu hapa. Gumegume, fataki, mdeki, kushindilia: bunduki hizi zilipita Zanzibar kwa maelfu katika karne ya 19 zikienda bara, na maneno yakabaki. Shemeji alipotazama video ya Mmarekani akishindilia alisema, "Kumbe ni gobore la babu!" Ni lilelile.

Na gumegume nalipenda sana. Bunduki ndefu za mafundi Wajerumani wa Lancaster, za karne ya 18, ndizo zilizolea uwindaji wa jimbo hili, na kulishika porini mwezi Januari, theluji ikianguka, ni raha ambayo siwezi kuieleza. Lakini liwe la pili. Jiwe linahitaji kunolewa, baruti ya kwenye kisahani cha nje, pale cheche zinapoangukia, inanyonya unyevu, na unapaswa kushikilia shabaha bila kutikisika hadi moto ufike ndani. Mtu ambaye hajajifunza kusafisha ataishia kulilaumu bure.

Shemeji ameagiza lenye kizibo cha mkono. Jumamosi tunakwenda uwanja wa shabaha. Nimemwambia aje na vitambaa hamsini na kalamu ya wino usiofutika: tutashindilia risasi hadi ikae juu ya baruti, kisha tuchore mstari kwenye mdeki pale mdomo wa mtutu unapoishia. Mstari ukisimama juu ya mdomo, risasi haijafika chini au kuna nyingine imo tayari, na hapo fataki haiwekwi. Risasi azilete kumi tu, na baada ya kila mlio atapitisha kitambaa yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni.