Sarafu za Tabora mnadani: utaje dau mapema au uvizie?

Sarafu zilizogongwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani wakiwa vitani na njia ya baharini imezibwa, leo utaziona kwenye minada ya Ulaya na Marekani kuliko Tabora yenyewe. Ipo rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, kazi ya karakana ya reli. Zipo heller 5 na heller 20 (heller ilikuwa senti ya rupia ya Wajerumani) zenye alama ya T. Mkusanyaji wa hapa akizitaka huishia mtandaoni, na hapo ndipo ubishi unapoanza: utaje dau mapema, au uvizie sekunde za mwisho?

Wa mapema wana hoja. Kwenye eBay, tovuti ya minada, unaandika kiwango chako cha juu, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Ukishinda, unalipa dau la aliyekufuata na nyongeza kidogo. Mchumi William Vickrey alishaonyesha mwaka 1961 kuwa pale mshindi anapolipa bei ya wa pili, dau bora ni thamani halisi uliyonayo moyoni. Andika, kalale.

Tatizo ni kwamba dau lako linasomwa na wengine. Chukua heller 20: zipo za taji kubwa na za taji dogo, na upande wa pili ncha za herufi L huwa kali au zimejikunja. Zipo aina zilizojaa tele na zipo adimu, na muuzaji asiyejua huandika tu "heller 20, 1916". Wewe umeigundua kwenye picha, ukapandisha dau siku tano kabla; umeshawaonyesha wenzako pa kuchimba. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliitaja sababu hiyo mwaka 2002. Walilinganisha eBay, ambako saa ikigonga mnada umekwisha, na minada ya Amazon ya wakati huo, ambayo dau la mwishoni liliiongezea muda wa dakika 10. Huko Amazon wavizia walikuwa wachache zaidi.

Ila kuvizia ukiwa Tabora kuna adha zake. Mnada wa saa mbili usiku Berlin unafungwa kwetu saa tatu majira yao ya joto, saa nne majira ya baridi. Umeme ukikatika, au bando likikata, sekunde kumi hazikungoji. Programu za kukuvizia zipo, lakini nyingi zinataka nywila ya akaunti yako, na mimi hapo simo.

Kwa maoni yangu, heller ya kawaida itajie dau mara moja uendelee na shughuli zako. Ile adimu ambayo muuzaji hakuitambua, vizia, ila ingia dakika mbili tatu kabla.

Rupia 15 ni habari nyingine. Za bandia zipo, kwa hiyo ni heri kuinunua kwenye nyumba ya mnada inayotoa dhamana ya uhalisi, na huko kwa kawaida kuvizia hakusaidii kitu kwa kuwa muda hujiongeza au mnadi anangoja mkono wa mwisho. Kazi inabaki kwenye hesabu. Kamisheni ya mnunuzi, inayoongezwa juu ya dau, ikiwa asilimia 20, mwenye milioni 6 ajue dau lake linaishia milioni 5, na hapo usafirishaji na ushuru wa forodha bado.