Listi inayojisoti yenyewe ni nzuri, ila iwe inajua kukukatalia

Malalamiko haya hayaishi kwa madevelopa: eti mbona lugha ya programu ya Python haina listi inayojipanga yenyewe, yaani unatupia tu vitu mle ndani na yenyewe inahakikisha vimekaa kwa mpangilio muda wote bila wewe kuita sort() kila saa. Wa lugha ya Java nao wanalia hivyohivyo, maana java.util, laibrari yake ya vyombo vya kuwekea vitu, ina TreeSet, ina TreeMap, ina PriorityQueue, ila SortedList ukiitafuta huioni. Wengi wanachukulia kwamba wenye lugha walisahau au walizembea. Mimi nasema hapana, wa Java walifanya vizuri kuiacha.

Hebu angalia List ya Java inakuahidi nini. Ukiandika add(3, x) unaambiwa x itakaa kwenye indeksi ya 3 (yaani namba ya nafasi, kuhesabu kunaanzia 0), ukiandika add(x) tupu inaenda mwisho. Sasa listi iliyosotiwa nayo inakuahidi kwamba kila kitu kitakaa pale kinapostahili kwa ukubwa wake. Nikiomba 500 iwekwe kwenye indeksi 0 na humo ndani kuna 2 na 7, nani asikilizwe, mimi au mpangilio? Hapo lazima ahadi moja ivunjwe, na ikivunjwa kimyakimya ndio bagi ya wiki nzima hiyo. Hata JavaFX, laibrari ya Java ya kutengeneza madirisha ya programu, ambayo SortedList inayo kweli, ile ni ya kuangalia tu, unaizungushia listi yako halisi na mabadiliko unayafanya kule kwenye listi halisi, ukijaribu kuongeza kitu kwenye hiyo iliyosotiwa inakutupia erori ya UnsupportedOperationException. Safi kabisa.

Ndio maana kwa upande wa Python naikubali sana laibrari ya sortedcontainers ya Grant Jenks. SortedList yake ukiita append inakataa, insert inakataa, reverse inakataa, hata sl[3] = x inakataa, zote kwa erori ya NotImplementedError, ukitaka kuingiza kitu kimoja tumia add basi. Kuna watu wanaona hiyo ni kero, eti "si listi tu hii jamani". Kwangu hiyo ndio sifa yake ya kwanza, kasi inakuja baadaye. Na kasi anayo, kwa Python tupu bila msaada wa lugha ya C, kwa sababu ndani hakujenga mti wowote wa kutisha, ni listi ya vilisti, kila kimoja kinalengwa kuwa na vitu kama 1000 na kikizidi 2000 kinagawanywa mara mbili. Kwa hiyo kuingiza kitu ni kusogeza vichache vya kwenye kilisti kimoja, sio listi nzima. Linganisha na bisect.insort inayokuja na Python yenyewe: kwenye listi ya vitu milioni moja inatafuta nafasi kwa kulinganisha mara 20 hivi tu, wepesi wa ajabu, halafu ikishaipata inabidi isogeze kila kitu kilicho kulia kwake. Kwa listi ndogo hutasikia chochote, ila ikikua na unaingiza mfululizo utasikia.

Ila kabla hujakimbilia pip install, yaani amri ya kuweka laibrari za Python, jiulize kama unaihitaji kweli. Kama unajaza listi yote kwanza halafu ndio unaisoma, sort() moja mwishoni inatosha. Timsort, mbinu ya kusoti iliyo nyuma ya hiyo sort(), aliyoiandika Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya Python, inatambua vipande ambavyo tayari viko kwa mpangilio, kwa hiyo listi iliyosotiwa ukiiongezea vitu vichache nyuma na kuisoti tena haianzi moja. Kama unachotaka ni kidogo kuliko vyote basi, heapq inayokuja na Python ipo. Listi ya kujisoti inalipa pale tu kuandika na kusoma vinapopishana muda wote: ongeza, uliza cha 10, futa, ongeza, uliza tena.

Sasa twende kwenye balaa lenyewe, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Tuseme una wachezaji watano kama objekti, wamesotiwa kwa pointi: 12, 30, 45, 58, 77. Yule wa 45 kashinda mechi, na mahali fulani mbali kabisa kwenye kodi mtu kaandika mchezaji.pointi = 90. Listi haijaambiwa kitu. Sasa ndani imekaa 12, 30, 90, 58, 77 na yenyewe bado inaamini imenyooka. Mtafute wa 58. Utafutaji unaanza katikati, unakuta 90, unasema 58 ni ndogo basi twende kushoto, unakuta 30, unasema kubwa kuliko hii, unarudi kulia kidogo na kuishia palepale kwenye 90, jibu: hayupo. Na jamaa amekaa mlango wa pili tu! Wa 77 naye hayupo. Aliyebadilishwa pointi, wa 90, anapatikana bila shida yoyote. Yaani aliyevuruga mpangilio anaonekana na wasio na hatia ndio wamepotea, na hakuna erori hata moja, programu inaendelea kama kawaida. Mtu akianza kuichunguza hiyo bagi atamkagua wa 58 kuanzia kichwani mpaka miguuni na asione kosa, kwa sababu kosa si lake.

Hili haliponywi na laibrari nzuri zaidi ya kusoti. Linaponywa na laibrari inayoshika yenyewe ile thamani ya kusotia. Redis, ile hifadhidata inayokaa kwenye memori, imelipatia hili vizuri mno: kwenye sorted set yake, skoo (namba ya kusotia) haikai ndani ya kitu chako, inakaa kwa Redis, na ukitaka kuibadilisha huna njia ya uchochoroni, ni ZADD au ZINCRBY, na palepale mwanachama anahamishwa nafasi. SortedList ya Android nayo imejaribu kwa njia yake, ina updateItemAt na recalculatePositionOfItemAt, lakini hapo inategemea wewe ukumbuke kuziita, na developa wa saa nane usiku hakumbuki kitu. Kwenye Python mimi nasema weka vitu visivyobadilika, tuple au dataclass yenye frozen=True, na pointi zikibadilika toa cha zamani, tengeneza kipya, kiingize. Toa kwanza. Ukibadilisha kwanza ndio ukatoe, unaweza kuambiwa hayupo wakati yumo; yule wa 90 alipatikana kwa bahati tu ya kukaa katikati.

Kingine ni hii tabia ya kuchanganya "sawa kwenye mpangilio" na "kitu kilekile". TreeSet ya Java, seti inayojisoti na isiyokubali kitu kujirudia, ukiipa kipimo (comparator) cha umri tu, na Juma na Rehema wote wana miaka 30, anabaki mmoja, wa pili haingii na hakuna kelele, add inarudisha false ambayo hakuna anayeiangalia. Hata bila kipimo chako mwenyewe, BigDecimal (namba ya desimali ya Java) ya 4.0 na ya 4.00 kwenye HashSet, seti isiyosoti, ni vitu viwili, kwenye TreeSet ni kimoja. Kwa akina Juma na Rehema, ongeza na namba ya kipekee ya kila mtu kwenye kipimo yaishe. Na kama unasoti majina kwenye Python bila kusema chochote, "Zuhura" atatangulia "amina" kwa vile herufi kubwa zina namba ndogo, kwa hiyo key=str.casefold iwe mazoea.

Je, SortedList iingizwe kwenye Python yenyewe? Watu wanataka, mimi ningeiacha huko iliko. Ikiwa inakuja na lugha, kila anayeanza ataikamata kwa sababu jina linavutia, atamwagia objekti zake zinazobadilikabadilika, halafu wa 58 wataanza kupotea kwenye maapu ya watu. Anayeihitaji kweli hashindwi kuandika pip install sortedcontainers.