Mnatuonyesha Midomo Inayocheza

Rafiki yangu kanitumia video ya bibi yake akisimulia chimbuko la ukoo wao. Ni 4K, video ya ubora wa juu, kila mkunjo wa uso wa bibi unauhesabu. Alichosema bibi je? Mungu anajua. Feni inasikika, kiti kinachokwaruza sakafu kinasikika, na mpiga video mwenyewe anasikika akihema. Majina ya mababu yamemezwa. Nilipouliza kulikoni, nikajibiwa kwa fahari kwamba simu ni mpya, kamera yake ina megapikseli 200, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 200.

Hongera. Fremu moja ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani milioni 8 na ushei. Hizo nyingine ulizozilipia zinaunganishwa au zinaachwa njiani. Lakini tangazo la simu linaimba kamera mwanzo mwisho, maikrofoni haitajwi, basi nasi tumesahau kuwa ipo.

Ipo. Kwenye simu nyingi ni kitundu kilicho chini, jirani na pa kuchomekea chaji, palepale wengi wanapoweka kidole wakiilaza simu. Na kitundu hicho hakichagui. Ukikaa na mtu chumbani, ubongo wako unaipuuza feni na kumfuata yeye. Simu inazoa vyote. Kibaya zaidi ni umbali. Ukitoka mita 1 ukarudi nyuma hadi mita 2 ili mandhari ipendeze, nguvu ya sauti inayokufikia moja kwa moja kutoka kwa msemaji haibaki nusu, inabaki robo. Mwangwi wa kuta haupungui kiasi hicho. Ndiyo maana watu wanasikika kama wako kisimani.

Basi sogea! Haigharimu kitu. Huwezi kusogea? Tafuta simu ya pili, hata ile kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Izime mtandao, washa kinasa sauti, ilaze juu ya kitambaa karibu na msemaji, pembeni kidogo isionekane. Piga kofi moja la viganja mbele ya kamera, kisha mwache aseme. Wakati wa kuhariri unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti, ukishapata unaizima ile sauti mbovu. Maiki ya kubana kwenye kola ni bora zaidi, ukiwa nayo. Chumba chenye zulia na mapazia kinashinda ukumbi mtupu, hata kama ukumbi ndio wenye ukuta mzuri wa kupigia picha.

Wanaonibishia hupenda kunitajia Tangerine, filamu iliyorekodiwa kwa iPhone 5s na kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2015. "Unaona? Simu inatosha!" Naona vizuri sana. Simu ile haikuwa hata na 4K, na sauti ya filamu hawakuiachia simu: ilinaswa kwa vifaa vya kitaalamu. Hiyo sehemu ya pili huwa hawaisimulii.

Haya, picha nayo ina haki yake, nakubali shingo upande. Futa lenzi, imejaa mafuta ya vidole. Dirisha liwe mbele ya msemaji, lisiwe mgongoni. Usivute picha kwa vidole, tembea. Na kama unarekodi machweo kwa ajili ya kuyatazama tu, rekodi na upepo wako, sina neno. Ila hiyo 4K ukiituma kama video ya kawaida kwenye programu ya ujumbe, mara nyingi inabanwa kabla haijanifikia. Itume kama faili.

Ninachoomba ni kidogo mno: kabla mtu hajaanza kusimulia, rekodi sekunde 10 za majaribio, vaa hedifoni, usikilize. Najua, muda hakuna. Muda wa kuchagua kichujio cha rangi ndio haukosekani kamwe.