Mlipeni mwanafunzi kwa saa, si kwa kifaa kilichokamilika

Vyuo vikikaribia kufunga, matangazo yaleyale huanza kuzunguka kwenye magrupu: anatafutwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne, ajue lugha ya programu ya C, mikrokontrola (kompyuta ndogo za chipu moja) za ESP32 na STM32, moduli za GSM zinazotuma data kwa mtandao wa simu, na kuchora bodi za saketi. Kazi ni ya muda, malipo kifaa kikikamilika. Sharti hilo la mwisho linaniudhi kuliko yote. Anayeliandika ama hajawahi kutafuta kwa nini bodi inajizima, ama anaijua gharama yake na ameamua mwanafunzi ndiye aibebe.

Chukua mita ya maji ya kulipia kabla, inayotuma usomaji kwa moduli ya GSM iitwayo SIM800L. Mezani Dar es Salaam inafanya kazi vizuri. Mnara wa simu uko karibu, kwa hiyo moduli haihitaji kutuma kwa nguvu nyingi. Ikifungwa kijijini, mnara uko mbali, moduli inatuma kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo inaponyonya mpaka amperi 2 kwa vipindi vifupi vya maikrosekunde 577, vinavyojirudia kila milisekunde 4.6. Moduli inataka volti 3.4 hadi 4.4. Nyaya nyembamba za kuchomeka hazihimili mzigo huo, volti inashuka chini ya 3.4, moduli inazima, mara nyingine na mikrokontrola pamoja nayo. Mwenye kazi anasema programu ni mbovu, na mwanafunzi anakesha akibadilisha msimbo usio na kosa lolote. Akipima kwa multimita anaona volti 4.0 zimetulia, kwa sababu multimita inaonyesha wastani. Kushuka huko kunaonekana kwenye osiloskopu tu, chombo kinachochora volti inavyopanda na kushuka, nayo ipo maabara ya chuo, chini ya kufuli.

Tiba ni rahisi mno. Moduli ipewe chanzo chake cha umeme chenye uwezo wa zaidi ya amperi 2, kapasita (akiba ndogo ya umeme) ya maikrofaradi 1000 yenye ukinzani mdogo wa ndani iwekwe karibu kabisa na pini zake, nyaya ziwe nene na fupi, na ardhi (upande hasi wa umeme) ya moduli iungane na ya mikrokontrola. Vifaa vyote hivyo vinapatikana Kariakoo. Kuunganisha ni kazi ya nusu saa, lakini kulijua tatizo kunaweza kula wiki mbili. Kwa mkataba wa kulipwa kifaa kikikamilika, wiki hizo mbili mwanafunzi amezitoa sadaka kwa kampuni.

Hitilafu nyingine haziwezi hata kuonekana ndani ya muda wa mkataba. Mwanafunzi anahifadhi usomaji kwenye flashi (kumbukumbu ya kudumu) ya STM32F103 kila dakika 5, akifuta ukurasa uleule kila mara. Flashi hiyo imedhaminiwa mara 10,000 za kufuta na kuandika, kwa hiyo dhamana inaisha baada ya siku kama 35. Betri nayo ni hivyohivyo. ESP32 iliyolala usingizi mzito hutumia takribani maikroamperi 10, ndiyo maana mtu anaahidi betri ya mwaka mzima. Lakini bodi ya majaribio yenye AMS1117, regulata ya kushusha volti, inapoteza karibu miliamperi 5 kwenye regulata hiyo peke yake, na betri ya miliamperi-saa 2000 inakwisha baada ya saa 400, yaani siku 16 na ushei. Hapo hatujaihesabu taa nyekundu ya bodi inayowaka muda wote.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kazi ya mwanafunzi ilipwe kwa saa, na saa za kutafuta hitilafu zihesabiwe sawa na saa za kuandika msimbo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Masomo yanapoendelea, mwanafunzi wa uhandisi mwombe saa 12, tuseme alasiri tatu za saa nne nne. Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, usimwombe hata moja. Kijana akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, kwa sababu ya mita yako, umempotezea kitu usichoweza kumlipa.

Najua karakana nyingi ni za watu wawili watatu na pesa ni za kuunga. Nakubali pia kwamba wapo wanafunzi wanaopotea na bodi ya kampuni mkononi, na wanaoandika saa ambazo hawakufanya. Hayo yanazuilika. Kazi yote ihifadhiwe kwenye Git ya kampuni (hifadhi inayotunza kila toleo la msimbo) kila siku, kila alasiri iwe na mistari mitatu ya maelezo (nini kilijaribiwa, nini kilipimwa, kipi kinafuata), na malipo yatoke kila wiki mbili. Akipotea, unachopoteza ni wiki mbili tu, na msimbo unao.

Mpe na zana. Bodi mbili zinazofanana, ili ajue kama kosa ni la msimbo au la chuma kilichoungua; ST-Link yake, ya kuingiza na kukagua programu kwenye STM32; kichanganuzi cha mawimbi ya kidijitali cha chaneli 8, hata kile cha bei ya chini; chanzo cha umeme kinachoonyesha mkondo. Iandikwe kwamba bodi ikiungua kazini inalipiwa na kampuni. Na wiki za kwanza asiandike kipengele kipya hata kimoja. Aifanye bodi ieleze kwa nini imejiwasha upya: kwenye ESP32 aite esp_reset_reason() mwanzoni kabisa mwa programu, kwenye STM32 asome rejista ya RCC_CSR, inayotunza sababu hiyo, kisha azifute bendera (alama) zake, na jibu litumwe pamoja na kila usomaji. Baada ya mwezi mtajua bodi ngapi zinakufa kwa volti na ngapi zimeokolewa na saa ya ulinzi (watchdog, inayoiwasha bodi upya programu ikikwama), na hapo mtakuwa na la kurekebisha.

Likizo ikifika, kifaa kikipelekwa Kondoa au Kilwa kufungwa, aliyekiandikia programu apande basi pamoja nacho. Nauli, chakula, malazi na saa za safari vyote vilipwe na kampuni, kwa sababu mnara wa mbali haupatikani mezani.