Kombe wa Dar wanabebeshwa lawama ya mto

Ukitaja kombe, wale wanyama wa pwani wenye magamba mawili, mbele ya mkazi wa Dar es Salaam ambaye hakukulia pwani, jibu huja upesi: wale wanaishi kwenye uchafu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutaka kina mama wanaowaokota wazuiwe kuuza kabisa.

Hoja yao ina uzito. Kombe huishi kwa kuvuta maji na kuyachuja, na pamoja na chakula hubakiza mwilini vimelea na metali zilizomo. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini pale Salenda ukiwa na majitaka ya viwanda na vyoo. Kombe wa mdomo wa mto ule simli, wala simshauri mtu amle. Metali kama risasi na zebaki hazitoki kwa kuchemsha.

Lakini Salenda si pwani yote. Kati ya Mbweni na Kimbiji kuna fukwe nyingi, na kuzihukumu zote kwa mto mmoja ni kuwanyima watu riziki bila kupima.

Na riziki yenyewe haina mbadala rahisi. Mvuvi wa samaki anahitaji chombo, nyavu, mafuta na barafu. Mama wa kombe anahitaji ndoo, kisu na kujua bamvua, siku maji yanapokupwa mbali zaidi, ni lini. Maji yakishapwa anatembea ameinama, macho kwenye tope, akitafuta kijitundu chembamba kinachomwonyesha mnyama alipojizika. Anachokoa, anatoa gamba lenye mifuo na manyoya meusi, anatupa ndooni. Jioni watoto wanakula nyama yenye madini ya chuma kwa wingi, kwa tui la nazi na ndimu. Katika nyumba isiyo na hela ya nyama, hilo si jambo dogo.

Wanaotaka marufuku wana mfano wao mkubwa, nao ni Shanghai. Mwanzoni mwa mwaka 1988 watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A katika jiji lile, na chanzo kilikuwa kombe wa jamii moja na hawa wetu wenye damu nyekundu. Watu 300,000! Idadi hiyo inatisha, na inapaswa kututisha. Ila tuitazame vizuri. Kombe wale walivuliwa kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi cha binadamu, kisha wakaliwa kwa desturi ya pale: wanachovywa tu kwenye maji ya moto, magamba yanafunguka kidogo, nyama ingali mbichi. Hivyo yalikutana mambo mawili, majitaka na upishi. Upishi wetu ni wa kuchemsha mpaka magamba yaachie yenyewe, asiyefunguka anatupwa, kisha nyama inarudi jikoni kuungwa. Kwa virusi, tofauti hiyo ni kubwa mno. Linabaki la majitaka, na hilo mama wa kombe hakulianzisha yeye.

Nchi za Ulaya zilikabiliwa na hofu hiihii, hazikuufunga ufuo mzima. Kila eneo la kuvulia hupimwa bakteria wa kinyesi ndani ya nyama ya kombe wenyewe na kupewa daraja. Wa daraja A huenda sokoni moja kwa moja; wa B hukaa kwanza kwenye matangi ya maji safi wajisafishe, au hupikwa kwa utaratibu maalumu. Penye hali mbaya kupita kiasi ndipo panapofungwa.

Hapa kwetu kazi ianzie hapo: kupima ufuo mmoja mmoja, matokeo yabandikwe palepale wanaposhukia waokotaji, mdomo wa Msimbazi ufungwe kwa uvunaji, na anayemwaga majitaka mtoni ndiye aandikiwe faini. Mpaka hapo mnunuzi amuulize muuzaji kombe wametoka ufuo gani, na mwenye ndoo apewe nafasi ya kujibu kabla ya kufukuzwa.